Nukta kwenye ramani hazizuii lori

Leo sitaongea juu ya lugha za kuandikia programu wala simu mpya iliyoingia sokoni. Leo naongea juu ya mchanga. Tafadhali usiondoke! Simu au kompyuta unayosomea maneno haya ina vipande vya silikoni ndani yake, na silikoni hutolewa kwenye mawe na mchanga wa aina fulani. Nyumba unayokaa ina mchanga. Ofisi ninayofanyia kazi hapa Nairobi ina mchanga kuanzia msingi hadi paa, na sitashangaa nikiambiwa kwamba ulitoka kwetu.

Kwetu ni Mbooni, kaunti ya Makueni, Ukambani. Juu milimani kuna baridi, miti na mashamba ya matuta. Ukiteremka kuelekea Kalawa, joto linaanza na mito inakuwa ya msimu. Mvua ikinyesha inafurika, halafu baada ya muda mfupi unabaki mchanga mtupu. Mgeni akipita hapo atasema mto umekauka. Hajui kwamba amesimama juu ya tangi la maji.

Hebu nieleze kidogo, maana kila kitu kinaanzia hapa. Kati ya chembe na chembe ya mchanga kuna nafasi, na maji ya mvua huingia humo. Jua haliyafikii, kwa hiyo hayaishi haraka kama maji ya bwawa lililo wazi. Mbu nao hawapati pa kuzaliana. Mchanga mzuri unaweza kubeba maji hata robo ya ujazo wake, au zaidi. Kiangazi kikifika unachimba kidogo, unateka. Ndiyo maana vikundi vya wananchi Ukambani vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: mnajenga ukuta wa zege kukinga mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga. Hiyo ni teknolojia, jamani! Tena haihitaji umeme wala betri.

Kwa hiyo lori likija usiku likachota mchanga wa mto, halikubeba mchanga tu. Limebeba tangi.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa akichimba mtoni kwa mkono na kibuyu, na maji yalionekana kabla mkono haujaingia wote. Miaka michache iliyopita nilienda nyumbani Desemba nikamkuta ndani ya shimo. Nilichoona ni kitambaa chake cha kichwani tu. Mdogo wangu alikuwa juu anapokea ndoo. Nikamuuliza mama maji yamekwenda wapi. Akanionyesha alama za magurudumu.

Nilirudi Nairobi na hasira, na mtu wa programu akiwa na hasira hufanya nini? Anaandika programu! Wengi wenu mnaikumbuka Ushahidi, iliyoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi. Watu walituma habari za ghasia kwa ujumbe mfupi au kwa mtandao, zikaonekana kwenye ramani. Nikasema na mimi nitafanya hivyo hivyo kwa mchanga. Majirani watatuma ujumbe: lori limeonekana wapi, saa ngapi. Nukta nyekundu itatokea. Nilifanya kazi hiyo usiku kwa wiki kadhaa, na nakiri nilijivunia.

Ujumbe ulikuja kweli. Nukta zikaongezeka mpaka zikaanza kugusana. Malori nayo yaliendelea kuja.

Siku moja nikamwonyesha shangazi yangu ramani ile kwenye simu. Akaitazama kwa makini, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu: "Hizi ulimpelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezipeleka kwenye seva.

Wasomaji wangu, swali hilo ndilo sababu ya kuandika leo. Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa wa kudhani kwamba jambo likishaonekana kwenye skrini limeshatatuliwa. Halijatatuliwa! Kila mtu katika kazi yetu anajua kwamba hitilafu isiyofika kwa mwenye uwezo wa kubadilisha programu haitengenezwi, hata ikiandikwa mara elfu. Na mwenye uwezo wa kubadilisha mambo ya mto ni serikali, yaani siasa. Ni sheria na bajeti, na ni mtu tuliyempigia kura.

Sheria tunayo. Tangu 2015 Makueni ina sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na kuna mamlaka ya kuisimamia. Katiba ya 2010 imeenda mbali zaidi. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na si lazima uthibitishe kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Yaani aliyeko Mombasa anaweza kushtaki kwa ajili ya mto wa Mbooni. Mnajua nchi ngapi zina kifungu kama hicho? Lakini sheria ni kama programu. Inaweza kuandikwa vizuri sana, na kama hakuna anayeiendesha inakaa tu.

Bajeti nayo ina kasoro yake, na hapa kosa ni letu. Mjomba wangu nilipomwambia kwamba kazi yangu ni kuandika "kodi", alidhani mimi ni mtoza ushuru. Tulicheka sana, lakini siku hizi naona afadhali ningekuwa najua kodi yake kuliko kodi yangu. Nilikuwa sijui kwamba bajeti ya kaunti ina kalenda iliyowekwa na sheria ya mwaka 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha unafika kufikia mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe yanafika kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Sasa sisi huanza kupiga kelele lini? Juni! Ni sawa na kuleta orodha ya mabadiliko usiku ambao programu inatolewa kwa wateja. Hata mimi ningekufukuza.

Makueni tuna bahati. Mpango wa kushirikisha wananchi ulioanza wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza 2013 hadi 2022, unaanzia mikutano ya vijijini na kupanda hadi kaunti. Wageni wametoka mbali kuja kujifunza. Lakini mlango ukiwa wazi na mwenye nyumba hayupo, anaingia nani?

Basi nikachapisha ramani yangu kwenye karatasi, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye mkutano wa kijiji. Nilisimama nikaonyesha nukta zangu. Wazee wakatikisa vichwa, akina mama wakapiga makofi. Nikadhani nimeshinda. Ndipo kijana mmoja akasimama nyuma. Ni mtu ninayemjua tangu utoto. Yeye ni mpakiaji. Akasema, "Kaka, hizo nukta ni mimi. Nukta moja ni unga wa watoto wangu. Wewe una mshahara Nairobi. Ukiondoa nukta, utaweka nini hapo?"

Mkutano ukanyamaza. Nami nikanyamaza.

Yule kijana alinikumbusha hadithi tuliyosimuliwa na babu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Ukambani unaharibika kwa sababu ng'ombe ni wengi mno. Udongo ulikuwa unaharibika kweli. Lakini dawa yao ilikuwa kuwakamata ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda kipya cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Muindi Mbingu, ambaye leo mtaa katikati ya Nairobi una jina lake, aliongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, kwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Walipiga kambi kwa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha mpango wa kukamata ng'ombe uliachwa.

Na udongo je? Uliokolewa baadaye na watu hao hao, kwa vikundi vya mwethya, wakichimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao. Watafiti waliokuja miaka ya 1990 walikuta watu wameongezeka mara nyingi na mmomonyoko umepungua. Watu hawakuwa maadui wa udongo. Walikataa kuokoa udongo kwa kufa njaa. Mazingira na tumbo ni faili moja. Ukijaribu kuzitenganisha, zote mbili hazifunguki.

Kwa hiyo siku ile mkutano ulibadilika. Badala ya kuomba malori yakamatwe tu, tuliandika maombi mawili: ukuta wa bwawa la mchanga na matuta juu yake, na vijana wa kijiji walipwe kwa kazi hiyo. Yule mpakiaji akachaguliwa kwenye kamati. Haikuwa miujiza. Mwaka wa kwanza ombi letu halikupita. Mwaka wa pili lilipita nusu. Malori bado yanakuja, ila sasa yakija kuna watu wenye sababu ya kuyazuia. Na mama anachimba hadi kiunoni, si hadi kichwani. Nimepima mwenyewe.

Kuna atakayeniuliza, haya ya Mbooni yananihusu nini mimi mtu wa kompyuta? Yanakuhusu. Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, serikali ilianza kujenga bwawa kubwa la Thwake mwaka 2018. Maji yake yamekusudiwa pia kwa mji wa teknolojia wa Konza. Milima ya juu ikivuliwa miti na matuta, udongo utaishia kwenye bwawa hilo. Seva za Konza na ndoo ya mama yangu zinategemea milima ile ile.

Mwingine atasema, siasa ni uchafu, mimi siingii. Ndugu yangu, umeshaingia. Ukinunua vitu vingi dukani umelipa kodi. Mwingine atasema ni hatari, na huyo simbishii. Mwaka 2025 mtengenezaji programu mwenzetu alikamatwa hapa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kutuma maoni yao bungeni juu ya Mswada wa Fedha. Alilala rumande. Baadaye mwezi Juni mahakama ilitupilia mbali mashtaka hayo. Wala tusisahau waliouawa Juni 2024, kabla ya Rais William Ruto kutangaza tarehe 26 kwamba hatatia saini mswada wa mwaka ule. Gharama ipo. Lakini kukaa kimya nako kuna bei, tena tunalipa kila siku bila kupewa risiti.

Haya, tufanye nini? Mimi napendekeza mambo manne, na yote nimeyajaribu.

1. Jua kalenda. Muulize msimamizi wa wadi yako mkutano wa bajeti ni lini, uandike kwenye simu. Fika kabla mambo hayajafungwa.

2. Omba habari kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Kutuma ombi hakuna ada. Uliza kandarasi ilikuwa ya pesa ngapi, nani alipewa, imefika wapi. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

3. Nenda na hesabu. Maneno "tunateseka" yamesikika sana. Sema: kisima kilikuwa na kina hiki, sasa kina hiki, malori tuliyoyaona mwezi huu ni haya. Hapa ndipo sisi watu wa kompyuta tunafaa. Jedwali moja lililochapishwa kwenye karatasi lina nguvu kuliko programu isiyofika mkutanoni.

4. Kumbuka siku ya kura. Mwakilishi wadi aliyepitisha bajeti bila ombi lenu ana jina. Andika jina hilo pamoja na tarehe. Akija na fulana na kofia, msomee.

Ramani yangu bado ipo. Sijaizima. Ila nimeongeza kitu kimoja juu kabisa, kwa herufi kubwa: tarehe na mahali pa mkutano unaofuata. Nilipomwonyesha shangazi safari hii, hakuniuliza swali. Aliuliza tu kama mahali hapo pana kivuli.

Kipo. Njooni barazani.