Karani wa Hesabu za Wafanyakazi

Siku hizi makampuni makubwa yana karani wa namna mpya. Yeye huchunguza hesabu za wafanyakazi: nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani ameacha kazi na kwa sababu gani, kisha humshauri mkubwa wake.

Lakini hesabu hurithi desturi za zamani. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon, huko Marekani, ilianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuchagua waombaji kazi. Ilifundishwa kwa maombi ya miaka 10, mengi yao ya wanaume. Nayo ikajifunza kuyashusha maombi yenye neno “wanawake”. Mpango huo ukaachwa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2018.

Enyi wanafunzi mnaopenda hesabu, kazi hii yawafaa. Lakini anayepima watu hana budi kuichunguza kwanza mizani yake.