Mwili Nao Hupigiwa Hodi



Wako watu wasemao kwamba kipande cha nyama kilichokatwa hospitalini ni taka, mwenyewe hana haja nacho tena. Nami nawauliza: ikiwa ni taka, mbona chauzwa?

Sikiliza kisa cha Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani, mtu mweusi, aliyekulia katika mashamba ya tumbaku ya Virginia. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, akiugua saratani ya shingo ya kizazi. Madaktari walikata kipande cha uvimbe wake wakakipeleka maabara kwa Dk. George Gey, pasina kumwuliza. Mama akafariki Oktoba mwaka ule ule, ana miaka 31, akaacha watoto watano. Lakini chembe zake hazikufa. Zilitiwa chupani zikalishwa, zikazaana, na hata leo zi hai. Huitwa HeLa, kwa herufi za mwanzo za majina yake. Zilisaidia kuijaribu chanjo ya polio ya Jonas Salk, na baadaye makampuni yakazifanyia biashara.

Jamaa zake walikaa miaka zaidi ya 20 hawana habari. Katika miaka ya 1980 mambo ya daftari lake la hospitali yakachapishwa kitabuni bila ya idhini yao. Mwaka 2013 wataalamu wakaitangaza ramani ya jeni za chembe zile, nayo ni siri ya watoto na wajukuu pia. Ndipo serikali ya Marekani ilipokaa nao wakapatana juu ya nani aione. Mwaka 2023 kampuni moja waliyoishitaki ikasuluhishana nao.

Usinifahamu vibaya. Sisemi utafiti ni haramu, wala sisemi tuikimbie hospitali. Huo ni ujinga, na atakayeulipia ni mtoto mgonjwa. Lakini wapo wanaodai kuwa manufaa ya wengi yanatosha, mmoja haulizwi. Hasha! Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur ametukataza kuingia nyumba za watu bila ya ruhusa na salamu. Nyumba ni mawe na chokaa tu. Seuze mwili wa mwanadamu! Huenda mama yule, lau angaliulizwa, angalitoa kwa moyo mkunjufu, ikawa hiba. Nyama ni ile ile. Ruhusa ndiyo itengayo hiba na wizi.

Na sisi je? Mimi mwenyewe niliwahi kupewa karatasi ya Kiingereza hospitalini, nikaambiwa, "Mzee, tia sahihi hapa." Nikatia. Miaka mingi nawafundisha wanafunzi wasishuhudie wasilolijua, na siku ile nililishuhudia. Naona haya mpaka leo.

Sheria za kulinda habari za mtu zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Basi uliza: damu yangu yapelekwa wapi? Habari zangu atazisoma nani? Nisomee karatasi hii kwa Kiswahili. Ukiridhika, toa, wala usifanye ubakhili, maana huenda ikamponya mwana wa mwenzio.

Nanyi matabibu, wanetu tuliowasomesha, mgonjwa amekuvulieni nguo kwa kukuaminini. Mwili wake na siri yake ni amana, na amana mtaulizwa.

Wabillahi tawfiq.