Ng'ombe Anauzwa, Bei Inboksi. Lakini Anauzwa kwa Nini?

Wauzaji wenzangu, tangazo hili mnalijua: "Ng'ombe wa maziwa anauzwa, yupo Kihonda, bei inboksi." Picha kali, ila kapigwa ubavu mmoja tu. Ukiuliza sababu ya kuuza unajibiwa "shida za kifamilia". Ukifika unakuta anachechemea, au chuchu mbili kati ya nne zimekufa.

Mimi msimamo wangu ni huu: ng'ombe mzee au aliyeumia ana bei yake halali kabisa, lakini anayenunua ajue ananunua nini. Na uamuzi ufanyike mapema, ng'ombe akiwa bado amesimama.

Najua wengi wetu hapa Moro hatuna mazizi makubwa. Una ng'ombe wawili watatu uani, Bigwa au Mazimbu huko, na maziwa unayauza kwa oda za WhatsApp. Kwako ng'ombe mmoja ni nusu ya biashara, ndiyo maana mtu anavuta siku akisubiri labda atarudi kwenye lita zake. Huku pumba inaliwa, mashudu yanaliwa, na kijana wa majani anadai chake. Piga hesabu kwenye daftari, sio kichwani: lita za wiki mara bei unayouza, toa chakula na dawa. Kama inaishia hasi kila mwezi, na ameshapandishwa mara tatu nne hashiki mimba, huyo anakula faida ya mwenzake. Muuze akiwa na mwili, apite machinjioni, mkaguzi amwone akiwa hai na nyama igongwe muhuri. Ukingoja akonde, unauza mifupa.

Mzee ni rahisi. Mgonjwa ndo shughuli yenyewe.

Swali la kwanza: ameshachomwa nini? Nasikia sana hii, "jana kapigwa OTC, leo hajainuka vizuri, bora tumuwahishe bucha." Hapana jamani. Dawa inabaki kwenye nyama na kwenye maziwa. Soma lebo ya chupa; zile OTC za asilimia 20 zinaweza kukutaka usubiri wiki tatu hadi nne kabla ya kuchinja. Maziwa nayo yana siku zake, unayamwaga, huyachanganyi na ya ng'ombe wengine eti yasionekane. Kumbuka yule dada anayekuletea oda ya lita mbili kila asubuhi anampa mtoto.

Ng'ombe aliyetupa mimba usimuuze kwa mfugaji mwenzio kabla hajapimwa damu. Brusela inahama zizi kwa zizi, na kwa binadamu inapita kwenye maziwa mabichi. Na ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi inatoka puani au nyuma na haigandi, hiyo inaweza kuwa kimeta. Usichune, usipasue, usimpe hata mbwa. Piga simu kwa afisa mifugo, azikwe kwa kina kirefu au achomwe, maana vijidudu vyake hukaa kwenye udongo miaka na miaka.

Anayeona natisha watu akumbuke mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 140 nchini, na mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa iliyoguswa sana. Watu waliikimbia nyama ya ng'ombe, hata ya wale wazima. Uchafu wa zizi moja unaweza kufunga biashara ya mtaa mzima.

Aliyeumia ni kinyume. Ng'ombe mzima wa afya aliyeteleza akavunjika mguu bado ni nyama nzuri, ila una masaa, sio siku. Mpigie afisa mifugo wa kata palepale, na usimchome dawa ya maumivu kabla ya kumuuliza. Usimburute kwa kamba kumpandisha kwenye kirikuu. Kumtesa mnyama ni kosa, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Akifa mwenyewe njiani, huyo ni kibudu. Hauzwi, hata kwa bei ya kutupa, na hata kama mnunuzi mwenyewe anakukonyeza.

Halafu sisi tuna SUA hapahapa mjini, yenye madaktari wa mifugo na hospitali ya wanyama. Watu wa mikoa mingine wanaililia huduma hiyo, sisi tunaenda kuuliza duka la dawa.

Mtaniambia, "ukisema ukweli bei inashuka." Ndiyo, inashuka. Ila anayelipa bei hiyo harudi saa mbili usiku na mwenyekiti wa mtaa, wala harushi picha zako kwenye magrupu yote ya wafugaji. Mimi ningeposti hivi: "Ng'ombe mzee, amezaa mara saba, chuchu moja imekufa, hajachomwa dawa yoyote miezi miwili, anafaa kwa nyama tu. Yupo Kihonda, njoo umwone mwenyewe, kibali cha kusafirisha tutafuatilia pamoja." Na bei iandikwe palepale kwenye posti.