Doa Si Kuoza: Mabakuli ya Msonobari kutoka Nakivale

Juma hili tuweke sufuria kando, tuzungumze juu ya chombo cha mezani.

Bibi mmoja wa Mbarara, mke wa askari polisi, alimwagiza fundi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale mabakuli manane ya mti, yawe miongoni mwa zawadi za binti yake aliyekuwa akiolewa. Yalipofika, yalikuwa na michirizi ya samawati na kijivu, mithili ya moshi uliolala ndani ya mbao. Bibi akayageuza moja moja. Katika bakuli moja akaona matundu madogo, na chini yake unga mweupe. Akayarudisha yote manane. "Fundi," alisema, "siwezi kumpa mwanangu mti uliooza." Fundi hakubishana. Alirudi na mzigo wake, na ada ya shule aliyoitarajia kwa watoto wake haikupatikana.

Tulizungumza na wote wawili, na tukaona kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Nusu hizo mbili ndizo somo letu la leo.

Makazi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 huwapa haki ya kufanya kazi nchini. Fundi wetu ni Mkongo, na Kiswahili chake ndicho kilichomwezesha kuuza katika nyumba za askari wa Mbarara, ambako lugha hii husemwa kila siku. Kerezo lake halitumii umeme. Huliendesha kwa mguu, kama cherehani.

Mti anaoukereza ni msonobari, ambao maseremala wengi huuita paini. Si mti wa asili yetu, bali umepandwa kwa wingi katika nchi ya Ankole. Msitu wa Rwoho ni mfano mmoja: mradi wa kupanda miti huko uliandikishwa mwaka 2009 chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza hewa ya ukaa, ukiwa wa kwanza wa namna yake katika Afrika. Msonobari ukikatwa na kuachwa chini na gome lake wakati wa mvua, hauchukui muda mrefu kupata doa la samawati. Wanunuzi wa mbao hulikataa gogo kama hilo, na fundi asiye na mtaji hulipata kwa bei ndogo.

Doa hilo hutoka wapi? Wapo wadudu wadogo wanaotoboa gome na kutaga mayai chini yake. Miilini mwao hubeba mbegu za ukungu. Ukungu huo huingia katika sehemu ya nje ya mti, ile ambayo bado hupitisha maji, na kula sukari na wanga uliomo. Nyuzi zake zenye rangi nzito ndizo zinazoonekana kama samawati. Lakini hauli nyuzi zenyewe zinazoupa mti nguvu. Kwa hiyo mbao yenye doa hubaki karibu na nguvu yake ya kwanza. Ukungu wa kuozesha ni mwingine kabisa, maana huo hula mwili wa mti hata ukawa laini kama sifongo.

Jambo hili limewahi kuonekana kwa kipimo kikubwa huko Kanada. Katika jimbo la British Columbia, tangu miaka ya 1990, wadudu wa gome waliingia katika misonobari kwenye eneo la zaidi ya hekta milioni 18. Mafundi wa huko waligeuza doa kuwa pambo, wakaanza kuuza mbao za samawati wakizifananisha na kitambaa cha jinzi.

Basi, mama wa nyumbani atajuaje? Afanye majaribio matatu. Kwanza, abonyeze kwa ncha ya msumari sehemu yenye doa na sehemu nyeupe. Zikiwa na ugumu sawa, mti ni mzima. Msumari ukizama kwa urahisi kwenye doa, umeoza. Pili, aliweke bakuli juu ya karatasi nyeusi kwa siku chache. Matundu makavu yasiyotoa kitu ni kaburi la wadudu waliokwisha kwenda. Unga mpya ni alama kwamba bado wamo. Tatu, anuse. Harufu ya utomvu ni ya kawaida, bali harufu ya uvundo haifai mezani.

Naye fundi ana wajibu wake. Gogo lipasuliwe mapema, na moyo wa mti uondolewe, kwa kuwa hapo ndipo nyufa huanzia. Bakuli likerezwe mara mbili. Mara ya kwanza mti ungali mbichi, na ukuta uachwe mnene kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 liachiwe ukuta wa sentimita 3. Kisha likaushwe kivulini na kupimwa uzito kila juma. Uzito ukiacha kupungua, limekauka, na ndipo likerezwe mara ya mwisho. Nje, patasi iende kutoka kitakoni kuelekea mdomoni. Ndani, kutoka mdomoni kuelekea katikati. Patasi iwe kali, kwani msonobari ni laini na huchanika. Wakati wa kupiga msasa, fundi afunge kitambaa puani, kwa maana vumbi la mti wenye ukungu si la kuvutwa. Asiye na hakika juu ya wadudu atumie joto. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo yataka nyuzi 56 za Sentigredi hadi kiini cha mbao, kwa dakika 30.

Mbao yenye doa hunywa maji na mafuta upesi kuliko nyeupe. Kwa hiyo ipakwe nta ya nyuki mara kadhaa, na itumike kwa vitu vikavu: karanga, matunda, mkate. Isitiwe mchuzi wa moto wala maziwa. Kwa maziwa, Wanyankole wana ebyanzi vyao, vilivyochongwa na kufukizwa kwa ustadi wa wazee, na msonobari haushindani navyo. Bakuli lioshwe haraka, lipanguswe, lisilowekwe.

Fundi wetu aliyajaribu mabakuli yake manane kwa njia hizo. Saba yalikuwa mazima. Moja lilikuwa na wadudu hai, naye akalitia motoni. Samaki mmoja akioza, huoza wote: hilo moja ndilo lililoyaponza yale saba. Alirudi Mbarara, safari hii na msumari mkononi, akamwonyesha bibi doa lilivyo gumu, akakiri kosa la lile la nane. "Mama," alisema, "ningalikuambia tangu mwanzo, usingalishtuka."

Harusi ilikuwa imekwisha pita, na zawadi nyingine zilikwisha nunuliwa. Hata hivyo bibi alichukua manne kwa meza yake, na jirani yake, mke wa askari wa jeshi, akachukua mawili. La saba fundi amelibakiza kwake, awaonyeshe wanunuzi doa lilivyo kabla hawajatoa fedha.

Nasi twawaambia wanaouza na wanaonunua: dosari isiyo na madhara isemwe wazi, na yenye madhara isiuzwe kamwe.