MAONI: Vijana wa Musonoi wasomee pia hesabu za mgodi
Lori la shaba au kobalti linapotoka mgodini, uzito na thamani ya mzigo huingizwa kwenye kompyuta. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na wawakilishi wa jamii hushiriki kuzisimamia fedha hizo. Lakini Musonoi nani atazikagua hesabu zenyewe? Hapo ndipo shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa za biashara inapohitajika, kwani inaunganisha uhasibu na kompyuta. Sehemu ya fedha hizo iwalipie karo vijana wachache kila mwaka. Shule ikijengwa bila mkaguzi, tutaijuaje bei yake halisi?