Kabla Sijatuma Minervali: Barua kwa Wazazi wa Goma

Liège, Ubelgiji

Dada yangu, shemeji, na ninyi wazazi wote wa Himbi, Katindo, Majengo na Ndosho mnaokesha mkihesabu dola za masomo ya watoto,

Dada, habari ya kijana wako kufaulu Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, kwa asilimia 61 imenifurahisha kupita kiasi, maana najua alisoma katika hali gani. Mmeniomba nibebe minervali, yaani ada ya masomo, ya mwaka wa kwanza kwenye chuo binafsi. Nitabeba. Ila karatasi mliyonipigia picha ina bei ya kuingia peke yake, na mimi nataka kuijua bei ya kutoka.

Juu ya minervali kuna fomu ya kujiandikisha, kuna malipo ya kujiorodhesha kila kipindi cha mitihani, kuna silabusi za kila mwalimu, maabara, mafunzo ya kazini, kuchapa kazi ya mwisho, ada ya kuitetea mbele ya jopo, joho, na hatimaye diploma yenyewe. Kila kimoja ni kidogo kikisimama peke yake. Lakini mwanafunzi aliyelipa transhi (awamu za malipo) mbili kati ya tatu anafika asubuhi ya mtihani, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, anamkuta mtu mlangoni na orodha ya ofisi ya fedha. Jina halimo. Wenzake wanaingia, yeye anabaki kwenye baraza. Nauli zote za motari, fotokopi zote, usiku wote wa kusoma kwa tochi ya simu, vinakwama kwa transhi moja. Ndiyo maana naomba chuo kiandike jumla ya miaka yote hadi diploma iwe mkononi, na kipige mhuri.

Na hiyo miaka ni mingapi? Wengi wetu bado tunahesabu kizamani: gradua mitatu, lisansi miwili, jumla mitano. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), uliopewa msukumo mkubwa na mkutano wa elimu ya juu wa Lubumbashi wa Septemba 2021, umebadilisha hesabu. Lisansi ya sasa ni miaka 3 yenye krediti 180. Masta ni miaka 2 mingine. Jina limebaki lile lile, lakini mwenye lisansi ya leo amesoma miaka miwili pungufu kuliko lisansie wa zamani, na waajiri wanalijua hilo. Familia iliyopanga miaka mitatu ikidhani imemaliza safari itashtuka. Ongezeni pia gharama ya kuipata pesa yenyewe: tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mnajua kuliko mimi ni kiasi gani kinabaki kwa wakala wa simu, na ni wangapi wamelazimika kuvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuchukua dola zao Gisenyi, Rwanda.

Sisemi haya kuvidharau vyuo binafsi. Mwaka 1971 Serikali ilivikusanya vyuo vikuu vyote chini ya UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, na hadi mlango ulipofunguliwa tena rasmi kwa vyuo binafsi mwaka 1989, mtoto wa Kivu alikuwa na njia chache sana. Waliotuondolea safari za mbali ni makanisa. Chuo cha ULPGL cha Waprotestanti kilianza Goma mwaka 1985, hata kabla mlango huo haujafunguliwa rasmi. Wakatoliki wakafungua vyuo vikuu vya Graben kule Butembo na UCB kule Bukavu mwaka 1989. Hata UNIGOM, Chuo Kikuu cha Goma ambacho ni cha Serikali, kilikuja baada yao, mwaka 1993, kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Kwa hiyo neno binafsi halinitishi. Kinachonitisha ni nyumba ya kupanga yenye bango kubwa, na wizara iliyotangaza mara kadhaa kufunga vyuo visivyo na sifa baada ya wazazi kuwa wamekwisha kulipa. Ombeni kukiona kibali, kwa macho yenu, na msome kama kinataja idara hiyo hasa anayoitaka mtoto.

Muulizeni pia kijana chuo kilimpokeaje. Asilimia 50 kwenye Exetat zinampa mtu diploma ya Serikali, lakini chuo kinachomwandikisha mtu kwenye uhandisi bila kumpima hata hesabu kinatafuta mlipaji. Halafu walimu: ni wangapi wenye doktora wanaoishi Goma? Tumezoea maprofesa wageni, anatua profesa na kumaliza somo la saa 45 kwa wiki moja, asubuhi hadi jioni, kisha anaondoka na mitihani kwenye begi. Uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025, njia hiyo ilizidi kuwa ngumu na ghali. Chuo chenye walimu wake mjini ndicho kitakachomaliza mwaka.

Kuna ofisi moja ambayo wazazi hawaitembelei kamwe, nayo ni aparitora, mahali zinapotunzwa faili za alama. Namjua mama mmoja hapa, muuguzi aliyesoma mashariki mwa Kongo, sitasema wapi. Ili diploma yake ilinganishwe na ya Ubelgiji, anahitaji alama za kila mwaka zilizothibitishwa. Chuo hakijibu barua wala simu. Ana mikono ya kuzalisha watoto, lakini anasafisha korido za hospitali. Basi ingieni aparitora, mwombe kuona nakala ya alama inavyotolewa, na muulize nakala za pili zinahifadhiwa wapi. Goma, mji ulioona lava ikifunika katikati yake tarehe 17 Januari 2002, una haki ya kuuliza hivyo.

Kuhusu kazi, tangu wakimbizi walipomiminika mwaka 1994, Goma imekuwa mji wa mashirika, na vyuo vikafuata: maendeleo, usimamizi wa miradi, afya ya jamii. Mwaka 2025 msaada wa Marekani ulipokatwa, wenye diploma hizo walirudi nyumbani kwa wingi. Kijana anasema anataka umeme, naye amesoma hisabati na fizikia sekondari. Namuunga mkono kabisa. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe kule Rutshuru kinazalisha megawati 13 hivi tangu 2015, na kampuni ya Nuru ina mitambo ya jua Goma tangu 2020. Mitambo hiyo inahitaji watu wa kuitunza. Lakini nendeni mkawaulize mafundi wa huko walisoma wapi, na nani kati yao alishika mita ya umeme chuoni kabla ya kuajiriwa. Msiridhike na yule mhitimu mmoja wa kwenye bango. Tafuteni darasa zima la mwaka juzi, mjue wako wapi.

Nitumieni majina ya vyuo viwili, si kimoja, pamoja na jumla iliyopigwa mhuri na majibu ya aparitora. Transhi ya kwanza nitailipa moja kwa moja chuoni, risiti itoke kwa jina la kijana. Kama vyote viwili vikishindwa kujibu kabla ya masomo kuanza, pesa hiyo ni yake bado: aingie karakana ya umeme mwaka huu, nami nitamnunulia vifaa.

Ndugu yenu