Fuga Maji Kabla ya Kufuga Samaki

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kidahwe kumtembelea kaka yangu. Miongoni mwa mizigo yangu ilikuwamo chupa moja ambayo niliipakata njia nzima, tangu Dar es Salaam hadi Kigoma. Ndani yake alikuwamo samaki mmoja wa buluu, mwenye mapezi marefu yaliyotandazika kama kanga iliyoanikwa penye upepo. Ilikuwa zawadi ya binti wa kaka yangu, aliyekuwa ametimiza miaka tisa.

Siku ya tano samaki yule alikutwa amelala ubavu chini ya tangi. Binti hakulia mbele ya watu. Alinifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, nilimfanyia nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinichoma, kwa kuwa jibu lake nililijua. Yeye hakumfanyia neno. Tuliomwua ni sisi wakubwa, tena kwa mapenzi. Naeleza hapa jinsi tulivyokosea, ili mzazi mwingine asije akaulizwa swali kama hilo jikoni kwake.

Samaki huyu huitwa beta, na wengi humwita samaki mpiganaji. Asili yake ni Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam, na nchi za jirani zake. Huko huishi katika mashamba ya mpunga, mabwawa na vijito vyenye majani mengi, mahali ambapo maji hayaendi kasi na hewa ndani yake ni haba. Kwa sababu hiyo Mungu amemjalia kiungo cha pekee kichwani, kimwezeshacho kuvuta hewa juu ya maji kama tuvutavyo sisi, mbali na ile aipatayo kwa matamvua yake. Ndiyo maana aliweza kusafiri katika chupa. Lakini kustahimili safari si sawa na kustahimili maisha. Mtu aweza kulala usiku mmoja juu ya benchi la stesheni. Haifai kumjengea nyumba hapo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Tangi lilioshwa kwa sabuni asubuhi, likajazwa maji mchana, na samaki akamiminwa humo jioni. Sabuni haifai kabisa, kwani mabaki yake ni sumu. Maji matupu na kitambaa safi vyatosha. Na samaki hamiminwi. Chupa yake huelezwa ndani ya tangi hadi joto la maji yote mawili lilingane, kisha huongezwa maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi, ndipo ahamishwe.

Ubaya mkubwa, hata hivyo, ni ule usioonekana kwa macho. Choo cha samaki na chakula kilichosazwa hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Katika tangi lililokwisha zoea wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hawa hukaa juu ya mawe, mchanga na sifongo ya kichujio. Huchukua majuma manne hadi sita kuenea. Tangi jipya hung'aa kama kioo cha duka, lakini halina hata mtumishi mmoja wa kuondoa uchafu. Samaki wengi wa majumbani hufa katika majuma hayo ya mwanzo, na wenyewe hudhani wameuziwa samaki mgonjwa.

Kosa la pili lilitokana na fahari ya kwetu. Jamaa mmoja alisema kwamba hakuna maji ya samaki yanayoshinda maji ya Ziwa Tanganyika, na akatuletea ndoo mbili kutoka Kibirizi. Nani angembishia? Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 na linashindwa kwa kina na ziwa la Baikal peke yake duniani. Maji yake ni maangavu, na samaki wake wa mawe huwindwa na wapenzi wa matangi hadi Ulaya na Marekani. Lakini maji yale yana madini mengi na tabia ya magadi. Kipimo chake cha pH hufika karibu na 9. Kuhe na wenzake wamezaliwa humo. Beta hupendelea maji laini yenye kipimo kisichoachana sana na 7. Zaidi ya hayo, amonia ile ile huwa sumu kali zaidi katika maji ya magadi. Hivyo tulimpa mgeni maji ya heshima, nayo yakamzidishia sumu.

La tatu ni ndoo yenyewe. Iliwahi kuchukua mawese, na kila mwana Kigoma ajua kuwa mawese hayatoki upesi. Utando mwembamba wa mafuta ukatanda juu ya maji, pale pale ambapo samaki huyu hupanda kuvuta hewa. Tenga ndoo moja, uiandike jina, na isifanye kazi nyingine.

La nne ni chakula. Kila aliyepita alimtupia unga wa dagaa. Tumbo la beta ni dogo mno: chembe mbili au tatu za chakula chake, asubuhi na jioni, zamtosha. Viluwiluwi wa mbu ni karamu kwake, ila usiwazalishe nyumbani kwa ajili yake, maana utamshibisha samaki na kuwaletea watoto malaria. Chakula kisicholiwa kiondolewe upesi.

La tano ni baridi. Beta hutaka joto la nyuzi 24 hadi 28. Tangi letu lilikaa dirishani, likipigwa na jua mchana na upepo wa kiangazi usiku. Liweke ndani, mbali na dirisha na jiko, na kipimajoto kisikosekane.

Tulipokwisha kuyakiri hayo, tulianza upya. Binti mwenyewe alisuuza tangi, ambalo huingia lita 20, akatia maji ya kisima cha nyumbani na mimea michache. (Mwenye kutumia maji ya bomba yenye klorini ayaache katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au atie dawa ya kuondoa klorini.) Kichujio kikawashwa polepole, kwani beta hapendi mkondo. Kila siku alitia chembe mbili za chakula katika tangi lisilo na samaki, ili bakteria wapate riziki. Watoto wa jirani walimcheka kwamba analisha maji. Akavumilia hivyo majuma sita.

Samaki wa pili nilimpeleka kwa mkono wa jamaa aliyesafiri kwa treni. Binti humbadilishia robo ya maji kila juma, na sifongo huikamua katika maji yale yale yaliyotolewa, asije akawaua bakteria. Tangi lina kifuniko chenye matundu, maana beta huruka. Wala hana mwenziwe. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hadi kuuana.

Juma lililopita aliniuliza kwa simu iwapo siku moja ampeleke ziwani, akawaone ndugu zake. Nilimjibu kwamba hao si ndugu zake. Ziwa Tanganyika lina jamii zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Sangara alipoingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aliangamiza jamii nyingi za furu, na hakuna awezaye kuzirudisha. Kwa hiyo samaki wa dukani asitupwe ziwani wala katika mto Luiche, ambao maji yake huishia huko huko. Ukichoka kumtunza, mpe mwingine atakayemtunza.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Shangazi, sitachoka."

Nami nikaona kwamba swali lile la jikoni limekwisha kupata jibu.